Kutoka Rubavu hadi Rusizi kwa baiskeli: vilima vya Kivu na milango ya wenyeji

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, nina miaka 34. Likizo ya Juni nataka kuendesha baiskeli kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, kutoka Rubavu hadi Rusizi, na nilale kwa wenyeji badala ya hotelini. Baiskeli yangu ni ya milimani, gia 21, kuukuu lakini nzima. Kila siku naiendesha kilomita 9 kwenda kazini. Nimeambiwa vilima vya kule vinavunja moyo. Je, siku tano zinatosha? Na mtu anaanzaje kulala kwa watu asiowajua bila kuwa mzigo kwao?"

Jibu:

Dada mwalimu, nianze na hesabu ya siku, maana ndiyo itakayoamua mengine yote, hata namna utakavyopokewa mlangoni. Njia unayoitaja, Congo Nile Trail, ina kilomita 227. Ukigawa kwa tano unapata 45 na ushei kwa siku, na kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi kwa baiskeli hizo zinaonekana chache. Kule si chache. Ushauri wangu ni uendeshe siku tano lakini utenge saba: moja ya kupumzika Karongi katikati ya njia, na moja ya akiba, kwa ajili ya mvua, pancha ngumu au mwenyeji atakayekuomba usiondoke kesho yake. Hiyo ya tatu hutokea mara nyingi kuliko pancha.

Watu wengi huogopa urefu wa kule kutoka usawa wa bahari. Wewe usiuogope. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi, Kivu liko kama 1,460, kwa hiyo mapafu yako ya Mwanza yanaizoea hewa hiyo tangu siku ya kwanza. Kazi iko kwenye umbo la ufuko. Juu ya ziwa umelala mgongo wa milima unaogawa maji: mvua inayonyesha mashariki mwake huenda Nile, na inayonyesha magharibi huingia Kivu, ikatoka kwa mto Rusizi kwenda Tanganyika, na mwisho wake ni mto Kongo. Jina la njia limetoka hapo. Sasa, mgongo ule unashusha matuta hadi majini, tuta baada ya tuta, na kati ya kila tuta na mwenzake kuna kijito au ghuba. Barabara haina pa kukwepa. Inapanda tuta, inashuka kijitoni, inapanda tena. Hakuna mlima mmoja mkubwa ambao ukiumaliza umeumaliza. Kuna kumi na viwili vidogo kabla ya chakula cha mchana, na ziwa liko pale pale kuliani kwako, linang'aa, kana kwamba hujasogea.

Kwa hiyo usipange kwa kilomita peke yake. Mimi hupanga hivi: kilomita za barabara ya udongo nazihesabia mwendo wa 12 kwa saa, halafu naongeza saa nzima kwa kila mita 300 za kupanda. Siku ya kilomita 40 yenye mita 900 za kupanda inakuwa saa tatu na dakika ishirini, jumlisha saa tatu, jumlisha mapumziko ya kunywa chai na kuzungumza na watu. Hizo ni saa nane. Ukiondoka saa moja asubuhi, unafika saa tisa alasiri. Na saa tisa ndiyo saa ninayotaka ufike, nitakueleza kwa nini.

Kwanza baiskeli. Geuza macho kwenye meno ya gia. Baiskeli nyingi za gia 21 zina meno 28 kwenye duara dogo la mbele, na 28 kwenye duara kubwa la nyuma. Maana yake ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, kama mita mbili kwa tairi la inchi 26. Bila mzigo utapanda. Ukiwa na mzigo, kwenye udongo wenye kokoto, siku ya tatu magoti yataanza kulalamika. Mwombe fundi akufungie duara la nyuma lenye meno 34. Utasogea mita 1.7 kwa kila mzunguko badala ya mbili, na tofauti hiyo utaibariki kila tuta. Aangalie tu kama kile kibadilishio cha gia cha nyuma kinalifikia duara hilo, na kama mnyororo unahitaji kuongezwa pingili. Ni badiliko la bei nafuu kuliko yote unayoweza kufanya, na lina faida kuliko baiskeli mpya.

Raba za breki weka mpya na ubebe jozi nyingine. Katika mteremko mrefu usishike breki moja kwa moja kama anayening'inia kwenye kamba. Bana, achia, bana, achia, mbele na nyuma kwa zamu, na ukihisi rimu imekuwa ya moto simama ipoe. Tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, waya mmoja wa gia, spoku tatu au nne za urefu wako, pingili ya mnyororo. Mafundi wa baiskeli wapo karibu kila senta, kwa sababu Rwanda ni nchi ya baiskeli: watu, ndizi, mkaa na magunia ya viazi hupanda vilima vile juu ya baiskeli za chuma zisizo na gia. Waendeshaji wake wanaitwa abanyonzi, na ni wataalamu kuliko mimi. Ila vipuri vyao ni vya baiskeli zao. Spoku yako hutaipata. Jambo moja usiige kwa abanyonzi: baadhi yao hushika lori nyuma ili liwavute mlimani. Kuna vijana waliokufa hivyo.

Mzigo usizidi kilo 12, na usikae mgongoni mwako. Mifuko miwili ya pembeni, iliyofungwa chini kwenye keria, basi. Nguo zifunge kwenye mfuko wa turubai usiopitisha maji, si rambo; Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na mpakani wanakagua. Na kuanzia sasa hadi Juni, kila Jumamosi, panda Isamilo na Bugando ukiwa na mzigo huo huo, mara tano mfululizo, ukitumia gia nyepesi kabisa na mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Ukishindwa kuzungumza umekwenda kasi mno. Kule Kivu kuna sehemu utashuka na kusukuma. Sukuma tu. Anayepanda akihema kwa kilomita nne kwa saa na anayesukuma hawapishani, na watoto watakuja kukusaidia kusukuma, kwa kelele na furaha. Wataomba "agacupa", yaani kichupa, ile chupa tupu ya maji. Usiwagawie pipi wala hela njiani. Wapungie mkono, wasalimie, wafundishe salamu ya Kiswahili. Wewe ni mwalimu, kazi hiyo unaijua.

Mambo mawili madogo yanayoweza kukuumiza. Rwanda magari hupita kulia. Hatari kubwa si barabarani katikati; ni asubuhi unapotoka uani kwa mwenyeji ukiwa bado una usingizi, ukaingia kushoto kama nyumbani. Kioo cha pembeni kifunge upande wa kushoto wa usukani. Na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Jua la Rubavu linazama karibu saa kumi na mbili jioni kwa saa yao, wala halikawii. Rudisha saa yako nyuma ukivuka mpaka wa Rusumo, la sivyo utajidanganya kuhusu mwanga uliobaki.

Sasa wenyeji, ambao naona ndio moyo wa swali lako.

Miaka kadhaa iliyopita nilichelewa katika wilaya ya Rutsiro. Nilikuwa nimemwambia mama mmoja nitafika alasiri. Nikapiga picha nyingi, nikapumzika sana kwa chai, nikafika saa mbili usiku nikisukuma gizani. Kwenye njia panda nikawakuta watoto wake wawili wamekaa chini na tochi. Walikuwa pale tangu magharibi. Ndani, chakula kilikuwa kimefunikwa na hakuna aliyekula, pamoja na bibi mzee, kwa sababu mgeni hajafika. Hakuna aliyenilaumu hata kwa neno moja. Tangu siku ile nimeacha kabisa kuamini kwamba kuchelewa ni shida ya msafiri peke yake.

Mgeni anayefika saa tisa anakuta jua lipo. Anaoga mchana, kabla maji hayajahitajika kupikia. Mama wa nyumba anamwona, anajua ni mtu mmoja na si watatu, anapima unga. Mgeni anaweza kukaa jikoni akachambua maharage, akamenya ndizi, akacheza na mtoto ili mama apumue. Anayefika usiku anaweza tu kuhudumiwa. Umeniuliza utaepukaje kuwa mzigo: fika mapema. Nusu ya adabu yote iko hapo, ndiyo sababu nimeanza na hesabu ya vilima.

Kuwapata wenyeji kuna njia kadhaa. Upo mtandao wa Warmshowers, ambako waendesha baiskeli duniani wamekuwa wakikaribishana tangu 1993. Jaribu Kigali na miji ya njiani, lakini usiutegemee kwa vijiji. Ufukweni kuna familia zinazopokea wageni kwa malipo ya kawaida, na parokia zenye vyumba safi vya bei ya chini. Ukishampata mwenyeji wa kwanza kule Rubavu, umepata ufunguo, kwa sababu yeye ana dada kule Kinunu au rafiki kule Karongi. Kila asubuhi mwombe mwenyeji akupigie simu kwa wa mbele, kwa Kinyarwanda, aseme wewe ni nani na utafika saa ngapi. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, omba simu ipewe mama wa nyumba uzungumze naye mwenyewe, hata kama ni kwa maneno matatu na kicheko. Nyumba ambayo mama wa nyumba hajui kwamba unakuja, usiende.

Malipo yajadiliwe kabla, bila haya. Nyumba inayopokea wageni kwa bei, lipa bei yake bila kuvuta. Aliyekukaribisha bure usimpe fedha mbele ya watu. Nunua sukari, mchele na sabuni senta ya mwisho kabla ya kufika, mkabidhi mama wa nyumba jikoni. Kutoka Mwanza beba kanga nne au tano. Ni nyepesi, na nguo hukumbukwa. Utakapofika salama kituo kinachofuata, piga simu kule ulikotoka. Wanaisubiri.

Balozi wetu wa nyumba kumi unamjua. Wenzetu wana mkuu wa mudugudu, yaani kijiji, na juu yake ngazi za akagari na umurenge. Mwenyeji wako atataka kumjulisha mkuu huyo kwamba ana mgeni. Usione ni kuchunguzwa. Mpe pasipoti yako tayari, nenda naye kumsalimia ikiwezekana. Umejitambulisha kwa kijiji kizima kwa dakika kumi, na usiku ule kila jirani ni mlinzi wako.

Kuhusu lugha: Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini hilo halimaanishi kila bibi wa kijijini anakisema. Rubavu na Rusizi utajisikia uko kwenu, kwa sababu Goma na Bukavu ziko ng'ambo ya mpaka na biashara yote inapita kwa Kiswahili. Katikati ya njia kinapungua. Jifunze "mwaramutse" ya asubuhi, "mwiriwe" ya kuanzia mchana, na "murakoze", asante. Maji ni "amazi", baiskeli ni "igare". Usile ukitembea barabarani. Kwa watu wazima wa kule si heshima. Kaa chini kwenye kibanda, agiza chai na mandazi, au ikivuguto, maziwa yao mgando, ambayo kwa tuta la saa sita mchana hayana mfano. Ukiletewa sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa Kivu, utajikuta unawalinganisha na dagaa wako wa Mwanza. Zungumza hayo na wenyeji wako, ni mazungumzo yasiyoisha. Jioni ukiwa juu ya ziwa utawaona wavuvi wao wakitoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, nguzo ndefu zimechomoza mbele na nyuma, na wimbo wao unafika hadi juu mlimani ulipo.

Hapa nataka twende polepole. Njia hii inapita mahali palipoumizwa sana mwaka 1994. Mjini Karongi, zamani Kibuye, maelfu waliuawa kanisani juu ya ile rasi nzuri inayotazama ziwa, na wengine katika uwanja wa michezo wa Gatwaro. Mugonero, ambako huenda ukalala, waliuawa watu waliokimbilia hospitali na kanisa. Bisesero, mlimani juu yake, watu walijitetea kwa mawe na mikuki kwa majuma mengi. Mwenyeji wako wa miaka hamsini alikuwa na umri wa kukumbuka yote. Usimuulize alikuwa wapi. Usimuulize yeye au jirani yake ni kabila gani. Swali ambalo kwetu huulizwa kwa utani mezani, kule lina damu ndani yake. Akiamua kukusimulia mwenyewe, weka simu chini, sikiliza, usitafute la kusema. Siku ya mapumziko Karongi nenda kwenye ukumbusho, kwa mavazi ya heshima. Aprili 7 huanza juma la maombolezo ya kitaifa. Juni bado ni ndani ya zile siku mia za kukumbuka, kwa hiyo usishangae ukikuta kijiji kimenyamaza kwa ajili ya ibada. Simama, shuka kwenye baiskeli, subiri.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi kuna umuganda, kazi ya pamoja, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Barabara hutulia, maduka hufungwa. Ikikuangukia, usijaribu kuondoka alfajiri kuikwepa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe liombe hata kabla ya siku ya tatu, ukazibue mtaro na familia iliyokulaza. Nilifanya hivyo mara moja, na nusu ya kijiji walinijua kwa jina nilipoondoka.

Juni umechagua vizuri. Masika ya Machi hadi Mei yamekwisha, na udongo ule mwekundu ukiwa mbichi hujaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma. Lakini vilima hukumbuka mvua. Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130, wengi wao upande huu huu wa magharibi, kwa hiyo ukiambiwa na wenyeji kipande fulani kimekatika, waamini wao kuliko ramani ya simu, panda hadi lami na uzunguke. Na kuhusu vita vya jirani: Januari 2025 mapigano yaliingia Goma, ambayo imeshikana na Rubavu kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja, na Februari yakafika Bukavu inayotazamana na Rusizi. Wiki mbili kabla ya safari, na tena siku ya kuondoka, mpigie mwenyeji wako wa Rubavu umuulize hali. Akisita, anzia Karongi. Usivuke mpaka kwa udadisi. Na usipige hema kwenye vibonde karibu na mpaka wa Goma. Kule hewa nzito ya kaboni hutoka ardhini ikatuama mabondeni, wenyewe wanaiita mazuku, na huua aliyelala bila harufu wala onyo.

Siku zenyewe nimezipanga hivi kwa ajili yako. Ya kwanza, Rubavu hadi Kinunu, njia ya udongo kando ya maji, kahawa kila upande. Ni nzuri kuliko zote na ni ngumu, na wewe utakuwa na nguvu mpya, kwa hiyo jizuie usizimalize. Ya pili, Kinunu hadi Karongi, ngumu kuliko ya kwanza. Ondoka saa kumi na mbili na nusu. Ya tatu pumzika, fua, kaza boliti zote za keria. Ya nne Mugonero, fupi. Ya tano upande wa Nyamasheke, ukilala Kibogora au popote mwenyeji atakapokuelekeza. Huko tumia lami bila kuona haya, ni laini, mizunguko yake mirefu ina mwinuko wa kiasi, na magari si mengi. Ya sita Rusizi. Ya saba ni ile ya akiba. Magoti yakikataa mapema, kuna maboti ya abiria ziwani yanayopakia baiskeli. Ulizia siku zake ukiwa Karongi.

Kurudi, panda basi la Rusizi hadi Kigali linalokatiza msitu wa Nyungwe. Usiuendeshe msitu ule kwa baiskeli safari hii. Kupanda kwake ni kurefu, na miguu itakuwa imekwisha kazi. Baiskeli itolewe gurudumu la mbele, mnyororo ufungwe kitambaa usichafue mizigo ya wengine, na umpe kondakta chake kabla hajauliza. Kanga moja ibakize. Kwenye kiti cha jirani basini mara nyingi kuna mama anayekwenda Kigali kwa binti yake, na kabla basi halijamaliza msitu atakuwa ameshakuuliza usiku huu unalala wapi.